ORODHA ISIZAME NA CHOMBO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, na sidhani kuna mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili asiyeijua. Lakini leo, msomaji mpendwa, nataka kuuliza swali ambalo methali yenyewe haikulijibu. Je, daftari nalo likipotea? Likilowa, likiungua, au likizama pamoja na ile mali, tutasema nini?

Maoni yangu ni kwamba kuandika peke yake hakutoshi. Jambo lihesabiwe kuwa limeandikwa pale tu linapokuwa limewekwa mahali ambapo ajali ya leo haitalifikia. Kabla ya hapo, mtu asituambie "tayari". Watu wa kompyuta wana kanuni kamili juu ya jambo hili, na ninaamini kwamba sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaihitaji kanuni hiyo sawa na wao, pengine kuliko wao.

Kwanza nieleze kanuni yenyewe. Hifadhidata ni mpangilio wa kuweka taarifa nyingi ndani ya kompyuta ili zikitafutwa zipatikane upesi. Benki inayo, hospitali inayo, hata supamaketi inayo. Wataalamu husema kwamba kila shughuli inayofanywa ndani ya hifadhidata ya kuaminika lazima iwe na sifa nne. Ya kwanza, ifanyike yote au isifanyike kabisa. Ya pili, iache hesabu zote zikifuata kanuni zilizowekwa. Ya tatu, shughuli mbili zikifanywa kwa wakati mmoja zisivurugane. Ya nne, shughuli ikishakubaliwa kuwa imekwisha, idumu hata stima ikipotea sekunde hiyo hiyo. Herufi za kwanza za sifa hizo kwa Kiingereza huunda neno ACID, yaani asidi. Waliozipanga hivyo mwaka 1983 ni Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter. Mimi nitashughulika na hiyo ya nne tu.

Tuiite nini kwa Kiswahili? Nimesikia wenzangu wa somo la kompyuta wakisema "uimara". Kwa maoni yangu neno hilo halifai. Uimara ni sifa ya kitu kisichovunjika upesi. Meli ya MV Uhuru ya hapa Kisumu iliundwa katika miaka ya 1960, ikakaa miaka mingi bila kazi, kisha mwaka 2019 ikarudishwa majini kupeleka mafuta Port Bell kule Uganda. Huo ndio uimara, na chuma chake kinastahili sifa. Lakini kanuni ninayoizungumzia haijali kama kitu chenyewe kitavunjika. Inajua kwamba kitavunjika! Kompyuta itazimika, diski itakufa, chumba kitaungua. Kinachotakiwa ni kwamba lile lililokwisha kukubaliwa libaki hata baada ya chombo kuvunjika. Ndiyo sababu mimi napendekeza tuseme "udumifu". Chombo kinaweza kuwa imara na kumbukumbu zake zisidumu. Chombo kinaweza pia kuwa dhaifu na kumbukumbu zake zikadumu, iwapo ziliwekwa vizuri.

Sasa udumifu huo hupatikanaje? Si kwa uchawi. Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Moja ni ya haraka sana, lakini stima ikipotea kila kilichokuwamo hufutika, kama vile maneno ya mtu aliyesinzia darasani. Nyingine ni ya diski, ambayo ni ya polepole zaidi lakini hubaki hata mtambo ukizimwa. Hifadhidata ikipokea kazi, haikimbilii kubadilisha madaftari yote makubwa kwenye diski, kwa sababu hilo huchukua muda. Badala yake huwa na daftari moja dogo la mfululizo, ambamo huandika kwa ufupi kile inachotaka kufanya: toa kwa fulani, weka kwa fulani. Daftari hilo likishafika kwenye diski ndipo hifadhidata husema "imekubaliwa". Madaftari makubwa yanaweza kujazwa baadaye. Mtambo ukizimika katikati, ukiwaka tena husoma lile daftari dogo tangu mahali fulani, ukarudia yaliyokubaliwa na kufuta yaliyoachwa njiani. Kwa hivyo sheria ni moja: andika kwanza, hakikisha maandishi yamekaa, ndipo utoe jibu.

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya Machi 2007. Mama anayeuza omena sokoni Kibuye akitumiwa mia mbili na mteja, hupokea ujumbe wenye nambari ya shughuli unaomwambia kwamba imethibitishwa. Mama huyo hamjui aliyetuma, wala hajaona noti. Lakini anafunga omena kwenye karatasi na kumpa mteja aende zake. Kwa nini? Kwa sababu anaamini kwamba neno hilo likishatolewa halirudi nyuma. Hata simu yake ikitumbukia ziwani jioni hiyo, pesa zake ziko. Simu ni chombo tu. Kumbukumbu haikai humo. Watu wengi hawajui kwamba hadi mwaka 2015 mitambo iliyoweka kumbukumbu za M-Pesa ilikuwa Ujerumani, ndipo ikahamishiwa Kenya. Maana yake ni kwamba mtu wa Dunga alipomtumia ndugu yake wa Kondele pesa za sukari, habari hiyo iliandikwa Ulaya kabla ya sukari kununuliwa.

Mmoja wa waliofanya kazi kubwa juu ya mambo haya ni Mmarekani Jim Gray, ambaye alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, tuzo iliyo kubwa kuliko zote katika taaluma ya kompyuta. Januari 2007 aliondoka San Francisco peke yake kwa mashua yake, akapotea baharini. Alitafutwa kwa meli, kwa ndege na kwa picha za setilaiti, lakini hakuonekana. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja na siku chache tu M-Pesa ianze kwetu. Namtaja kwa sababu mtu huyu alitumia maisha yake kufikiria jinsi habari inavyoweza kubaki baada ya chombo kupotea, na mwisho wake mwenyewe ukawa majini. Maji hayachagui profesa wala mvuvi.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye ziwa letu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, upande wa Tanzania. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Orodha iliyopatikana ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Je, wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo? Hao hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hadi leo hesabu ya waliokuwa ndani ya meli ile ni makadirio. Tazama basi jinsi umaskini unavyomfuata mtu hadi kwenye maandishi: mwenye pesa ameandikwa, asiye nazo hakuandikwa.

Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara huko Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walipita 220. Siku zile za kwanza wakubwa walishindwa kusema kwa uhakika watu wangapi walikuwa wamepanda, kwa sababu wafanyakazi na vifaa vilivyokuwa na habari hizo vilipotea pamoja na kivuko.

Ndugu msomaji, misiba hii miwili inafanana kwa machozi, lakini kwa upande wa daftari haifanani. Katika MV Bukoba, abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Katika MV Nyerere, hata kama habari ziliandikwa, zilikuwa ndani ya chombo kile kile zilichokihusu. Hilo la kwanza ni kosa la kukosa daftari, ambalo wahenga walilionya. Hilo la pili ni kosa la kukosa udumifu, ambalo ndilo ninalopigia kelele. Orodha ya abiria haina kazi yoyote chombo kinapofika salama. Kazi yake ni siku moja tu, siku ya ajali. Sasa ukiiweka mahali ambapo siku hiyo moja itaipoteza, umeiandika ya nini?

Huku kwetu mambo yakoje? Mashua za mbao zenye injini huvuka kila siku kwenda Mfangano, Takawiri, Remba na visiwa vingine. Hubeba watu, magunia, kuku, hata magodoro ya wanafunzi wanaofungua shule. Mtu akipanda hulipa, na manamba hukumbuka kwa kichwa nani amelipa na nani bado. Kichwa cha manamba ndiyo ile kumbukumbu ya haraka ya kompyuta: stima ikipotea, imekwisha. Yako mashua ambayo karani wake anaandika kwenye kitabu, na ninampongeza. Lakini kitabu hicho hukiweka wapi? Chini ya kiti chake, ndani ya mashua!

Pendekezo langu ni jepesi, na kila kamati ya ufuo, ile inayoitwa BMU, inaweza kulianza kesho. Majina yaandikwe kabla kamba haijafunguliwa, na nakala ibaki nchi kavu. Karatasi ya kaboni inatosha. Kama hakuna kaboni, karani apige picha ya ukurasa kwa simu na kuituma kwa mtu wa ufuoni, naye ajibu kwamba ameipata. Jibu likifika, ndipo nahodha aondoke. Hiyo ndiyo sheria ya hifadhidata bila kompyuta: andika kwanza, hakikisha maandishi yamekaa mahali pengine, ndipo useme "twende".

Nasisitiza lile jibu. Kutuma picha si sawa na picha kufika, kwa kuwa katikati ya ziwa mtandao hucheza kama mtoto. Hata wahandisi wa kompyuta wameumwa na nyoka huyo. Ziko diski ambazo huambia hifadhidata "nimeshaandika" kumbe habari bado zimo katika kumbukumbu ndogo ya muda ndani ya diski yenyewe. Stima ikipotea hapo, kilichodaiwa kuandikwa hakipo. Ni kama yule mwanafunzi anayemwambia mwalimu "nimemaliza, mwalimu," na kitabu bado kiko kwenye mkoba, ukurasa mweupe.

Isitoshe, nchi kavu nayo si mbinguni. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuliko kiwango cha juu kilichokuwa kimerekodiwa mwaka 1964. Ufuo wa Dunga ulifunikwa, na watu wakahama makwao. Ofisi iliyo mita chache kutoka majini inaweza kupatwa na yale yale yanayoipata mashua. Kwa hivyo mahali pa pili pa kuweka nakala pasiwe jirani wa mahali pa kwanza. Ndiyo maana makampuni makubwa huweka nakala za data katika miji tofauti, ili moto wa mji mmoja usimalize zote.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Kijana, unatupotezea wakati. Upepo wa alasiri haungoji karani wako." Hoja hiyo ina uzito, na hata wenye kompyuta huijua. Kungoja diski kila mara hupunguza kasi. Lakini hawakuacha kungoja. Walitafuta njia ya kuziandika shughuli nyingi kwa mkupuo mmoja. Nasi tunaweza. Abiria wapange foleni, kila mmoja ataje jina na kijiji, na ukurasa upigwe picha mara moja tu. Mashua ya watu ishirini haitakawia kwa hilo. Na wacha nikuulize, wewe uliye na haraka: ukizama, ungependa mama yako akutafute kwa siku ngapi bila kujua kama ulipanda au hukupanda?

Wa pili atasema kwamba maandishi yanaweza kuwa ya uongo. Ni kweli kabisa. Udumifu hauhakikishi ukweli. Ukituma pesa kwa nambari isiyo yake, kosa lako litadumu vizuri sana! Hifadhidata hutunza ilichoambiwa. Lakini angalia jinsi kosa hilo linavyotengenezwa: hakuna anayekwenda kufuta mstari wa zamani kisirisiri. Huandikwa shughuli nyingine ya kurudisha, na ya kwanza hubaki ionekane. Karani aliyekosea jina na afanye vivyo hivyo, akate kwa mstari mmoja na kuandika sahihi kando. Wino mweupe ni adui wa daftari.

Wa tatu, ambaye mimi namheshimu zaidi, atauliza, "Je, ni lazima kila kitu kidumu? Mtu hana siri?" Hapana, si kila kitu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki juu ya habari zake, ikiwemo kutaka zifutwe panapostahili. Orodha ya abiria wa leo haina haja ya kukaa miaka kumi. Chombo kikifika na muda uliokubaliwa ukapita, na ichomwe. Kudumu ninakodai ni kule kwa muda ambao mwenye jina anakuhitaji. Kitu kifutwe kwa uamuzi wa watu, kisifutwe na maji.

Sasa nigeukie nyumbani, maana nyani haoni kundule. Tusicheke wavuvi ilhali sisi wa shule tumo mashua moja nao. Ndugu yangu mkubwa alisoma katika shule moja ambayo sitaitaja. Mvua ilinyesha usiku, paa la ofisi likavuja, na kitabu cha karo kikalowa hadi wino ukaogelea. Muhula uliofuata aliambiwa hajalipa, arudi nyumbani. Yeye alijua amelipa, na karani naye hakuwa mwizi. Ni kwamba hakukuwa na chochote cha kuonyesha. Kilichomwokoa ni mama. Alikuwa ameweka hati ya benki kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mama hajui hifadhidata ni mdudu gani, lakini alikuwa na nakala mahali pengine. Wale ambao mama zao hawakuwa na mkebe walikaa nyumbani wiki nzima, na wengine walilipa mara mbili. Nasikitika kusema kwamba wenye kulipa mara mbili hawakuwa watoto wa matajiri.

Fikiria pia vyeti vyetu. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985 na ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani umekwisha, lakini aliyeufanya 1985 bado ana haki ya kusema alipata alama kadha, na aaminiwe. Kumbukumbu imeishi kuliko mtihani wenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Shule ikiwapa wanafunzi alama kwa miaka minne, na alama hizo ziko katika kompyuta moja ya ofisini, siku kompyuta hiyo ikiibiwa je? Tutawaambia waliomaliza warudi wafanye mitihani upya?

Kwa hivyo naomba mambo matatu, kwa heshima na taadhima. La kwanza nawaomba walimu wetu wapendwa: alama na malipo ya karo yawe na nakala mbili, na moja ilale nje ya shule. Na kila muhula mtu ajaribu kuisoma hiyo nakala, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hujui kama ipo. La pili nawaomba wanafunzi wenzangu: mwanachama akilipa pesa za safari ya chama, asikubali jibu la "nimekuandika". Aseme, "Mweka hazina, nionyeshe, kisha nipe risiti." Si kwamba tunamshuku, tunamkinga. Risiti iliyo mfukoni mwako ni shahidi wake pia. La tatu nawaomba wenzangu mnaotoka visiwani na vijiji vya pwani ya ziwa: likizo hii mtakapopanda mashua kurudi makwenu, ulizeni orodha iko wapi. Ikiwa haipo, andikeni nyinyi kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lenu, mwukate, mwuache kwa mama wa chai pale gatini. Mtachekwa, ndiyo. Mtaitwa wanafunzi wa Kiswahili kingi. Andikeni tu.

Tahadhari kabla ya hatari. Ajali haina kinga, na sijasema popote kwamba karatasi itazuia upepo. Chombo kikitaka kuzama kitazama. Lakini majina ya waliomo yasizame nacho, maana jina ndilo linalomwezesha mzamiaji kujua ametafuta wangapi na bado wangapi, na ndilo linalompa mzazi jibu. Abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba walikuwa na majina. Hakuna aliyeyaacha ufuoni.